Nshahifadhi, Mwalimu

Maalim Nassor, kijana aliyekipokea chumba changu cha kompyuta, amenitaka niandike kitu kwa ajili ya walimu wapya wa somo letu. Amenielekeza niandike changamoto na mafanikio, kila kimoja chini ya kichwa chake. Nikamjibu kwamba changamoto nitaziandika bila ya kuzitafuta, ama mafanikio anipe muda nikapekue. Akacheka, akadhani namtania. Basi haya ndiyo niliyoyapekua, wanangu, nimeyaandika ukumbini kwangu Kikwajuni, mgongo unaniuma na feni linazunguka pale linapopenda. Mambo ya vyeo na mishahara mtayajua wenyewe, na mkishayajua mtanyamaza kama nilivyonyamaza mimi.

Sikusomea kompyuta. Nilisomea hesabu, na niliajiriwa kufundisha hesabu katika skuli moja ya sekondari huku Ng'ambo, mjini Unguja. Kompyuta zilikuja kwa msaada, zimeshatumika na kuchokwa huko zilikotoka, na mwalimu mkuu akauliza kikaoni nani anajua kupiga taipu. Nikainua mkono. Nilijua kwa sababu mama yangu mdogo alikuwa karani, naye alinifundisha wakati wa likizo ili nisizurure. Mkono ule niliouinua siku ile sikuwahi kuushusha mpaka nilipostaafu.

Chumba tulichopewa kilikuwa ghala ya viti vibovu. Mwalimu mkuu alitandika zulia, akaamuru viatu vivuliwe mlangoni, na walimu wenzangu wa kike wakazifumia kompyuta vitambaa vya maua, kama tunavyofunika televisheni majumbani. Ungedhani tunangoja watu wa posa. Siku ya kwanza wanafunzi waliingia kwa mguu wa kulia, kimya, na mmoja wao akazitolea salamu mashine. Nusu ya kipindi ilikwisha kwa kuvua viatu na kukunja vitambaa, na sehemu kubwa ya iliyobaki kwa kutafuta viatu vilivyokwishavaliwa na watu wengine.

Sasa nikuelezeni kosa langu la mwanzo, maana hamtalikuta katika mafunzo yoyote. Mimi ni Muunguja, na sisi Kiswahili chetu tunakionea fahari kupita kiasi. Nilijiapiza kwamba sitatumia neno la kuazima mahali lilipo la kwetu. Wengine walikuwa wakisema "sevu" kwa ile kazi ya kukiweka kitu ndani ya mashine kisipotee. Mimi nikasema "hifadhi". Nikawaambia wanafunzi, kabla hamjazima, kila mtu ahifadhi kazi yake, na mkishahifadhi hata umeme ukikatika hampotezi kitu.

Wakatii. Niliona midomo inacheza na vichwa vinakwenda mbele na nyuma, nikafurahi kwamba watoto hawa wanazipitia kazi zao kwa makini. Kipindi kilichofuata mashine zote zilikuwa tupu. Nikauliza, kwa hasira, ni nani aliyehifadhi, na darasa zima likanyoosha mikono. Kijana mmoja akasimama, akafunga mikono kifuani, akaisoma barua yake yote kwa ghibu, kuanzia anwani hadi "wako mtiifu", koma na nukta akizitaja kwa majina. Alipomaliza akasema, "Nshahifadhi, mwalimu."

Sikuwa na la kuwalaumu. Watoto wale walikuwa wakitoka skuli wanakwenda chuoni kusoma Kurani, na huko kuhifadhi kuna maana moja tu: unakitia kitu moyoni, kinakaa humo mpaka uzikwe nacho. Hakuna aliyewahi kusikia mtu kahifadhi juzuu ndani ya sanduku la bati. Nikaliweka kando neno langu zuri, nikasema sevu kama watu wote.

Aliyenifundisha kuishi na mashine zile ni Fundi Petro, mtengenezaji wa redio wa sokoni Mwanakwerekwe. Wazazi wake walitoka bara, yeye alizaliwa hapa hapa, na kompyuta alijifunza kwa kuzifungua za kwetu. Alinifundisha kusafisha vumbi kwa brashi ya rangi, kugusa chuma cha dirisha kabla ya kutia mkono ndani ya mashine, na kutazama waya kwanza kabla ya kuanza kulaumu kitu cha ndani. Zaidi ya yote alinifundisha habari za mijusi. Kitabu kilichokuja na kompyuta kilieleza joto, unyevu na radi, lakini mjusi hakikumtaja popote. Fundi Petro akifungua sanduku na kukuta mayai, huyatoa kwa upole na kuyaweka dirishani, kisha husema, "Mwalimu, huyu mpangaji ana watoto, tumpe notisi."

Mashine zilipozidi kufa, watoto walikaa watatu watatu kwa moja. Mmoja alishika kibodi, mmoja alishika kipanya, wa tatu alijifunza subira. Wasichana walikuwa wakiwaachia wavulana kibodi bila hata kuombwa, basi nikaweka sheria kwamba nikigonga meza kwa rula kila mtu anasogea kiti kimoja. Nimegonga meza ile mpaka ikafanya kishimo. Hayo yaandike katika mafanikio, Maalim Nassor, ukipenda.

Miza alikuja kidato cha tatu. Alikuwa mtoto wa Makunduchi, kaletwa mjini kwa mama yake mkubwa aliyekaa mtaa wa Amani, na wenzake walimcheka kwa lafudhi yake mpaka walipoona anavyochapa. Mama yake alikuwa mkulima wa mwani, na Miza mwenyewe kila likizo alirudi kufunga mwani kwenye kamba, hivyo vidole vyake vilikuwa vimechanika kwa chumvi. Vidole vile vile kwenye kibodi havikukosea. Chuoni alikuwa ameshakhitimu, na juzuu nyingi alikuwa nazo moyoni.

Mama yake alikuwa ameweka sharti moja. Akifaulu mtihani wa kidato cha nne, ataendelea kukaa mjini asome. Asipofaulu, arudi wasaidiane, maana mgongo wa mama ulikuwa umechoka. Miza alinieleza haya bila ya kulalamika. Aliniambia mwani hauogopi, kazaliwa nao. Alichokiogopa ni kuja kuwa mtu aliyewahi kuiona kompyuta mara moja, zamani, kama mtu aliyewahi kumwona tembo.

Sehemu moja ya mtihani wa somo letu ilikuwa ya vitendo. Kila mwanafunzi alitakiwa kutunga programu yake mwenyewe, na siku ya mtihani aiandike kwenye mashine ya peke yake mbele ya msimamizi; watahiniwa walikuwa wachache, zilizobaki hai ziliwatosha. Wavulana walitunga za mpira. Miza alitunga inayokuuliza leo mwezi ngapi, yaani mwezi uliooandama umefika siku ya ngapi, kisha inakwambia kama maji ni bamvua, yanayokupwa mbali watu wakaufikia mwani, au ni maji mafu, ambayo huna haja ya kutoka nyumbani. Nikamwambia mama yako hahitaji kompyuta kumwambia hilo. Akanijibu kwamba anajua; yeye alitaka kuona kama mashine inaweza kufahamu jambo analolifahamu mama yake. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sikusikia tena jibu la kunitosha kama lile.

Ndipo kisiwa kikakosa umeme. Waliokuwepo wanakumbuka, na msiokuwepo mtadhani nazidisha: waya unaopita chini ya bahari kutoka bara uliharibika, na Unguja nzima ikakaa kwa miezi bila ya umeme. Waliokuwa na uwezo waliwasha majenereta, na wengine tukarudi kwenye kandili. Mimi nilikuwa mwalimu wa kompyuta ndani ya kisiwa kisicho na umeme. Asubuhi nilifungua chumba, nikavua viatu, nikafuta vumbi juu ya vioo vyeusi, nikavaa viatu nikatoka.

Mwalimu mkuu aliniita, akaniambia kwa upole kwamba si aibu kulifuta somo kwa mwaka ule, watoto wakatumia muda wao kwa masomo mengine. Nikakataa. Nikamwomba anitafutie jenereta kwa siku moja tu, siku ya mtihani wa vitendo, na mengine aniachie mimi. Akaahidi. Nikarudi darasani na chaki, nikaanza kuandika programu ubaoni, na baada ya siku chache nikaona macho ya watoto yamekufa. Huwezi kumfundisha mtu kupika kwa kumchorea chungu.

Miza akanyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "tuache tuhifadhi."

Nilikuwa nimetumia miaka kuwaambia watu kwamba kompyuta si somo la kukariri. Nilikuwa nimewahi kuwasimamisha wanafunzi nje kwa sababu hiyo. Lakini nilikuwa nimechoka, na sitawadanganya, nilikubali kwa uchovu wala si kwa hekima. Lugha ile ya programu ilikuwa na namba kwa kila mstari, kumi, ishirini, thelathini, hivyo ilikaa ulimini kwa urahisi. Watoto wakakaa juu ya zulia, wakawa wanasoma mstari kwa mstari, huyu akikosea yule anamrekebisha, kama wanavyofanya kwa ustadhi wao. Jirani mmoja wa skuli alikuja kuniuliza chuo hiki kipya ni cha nani. Na walifahamu, hilo niliseme. Mtu akishakuwa na programu nzima kifuani, ukimuuliza mstari wa hamsini ukiondoka kutatokea nini, anakujibu. Nikaanza kupata usingizi.

Siku ya mtihani jenereta likaja, la kukodi kutoka kwa mtu anayekodisha viti na mahema ya harusi, bado lina utepe mwekundu umefungwa kwenye mpini. Fundi Petro alikuja kulisimamia. Kwa kanuni, mwalimu wa somo haruhusiwi kuingia chumba cha mtihani, basi nikasimama nje pamoja naye, uso umejaa moshi, nikisikiliza sauti ya vibodi dirishani. Sauti ile nilikuwa sijaisikia kwa miezi, na ilinifurahisha mpaka nikasahau kusimama mbali na moshi.

Katikati ya mtihani jenereta likakohoa, likazima. Fundi Petro akalishughulikia, likawaka tena. Ndani kila mmoja alikuwa amepoteza alichoandika, ikabidi waanze upya. Hapo ndipo kuhifadhi kulipotufaa: hakuna aliyelia, hakuna aliyeuliza, vibodi vikaanza tena pale pale. Nikamwambia Fundi Petro kwamba watoto wangu wametengenezwa vizuri kuliko jenereta lake. Muda ulipokaribia kwisha, kabla msimamizi hajapita kuzichukua kazi, likazima mara ya pili, na safari hii lilikataa kabisa. Msimamizi akasema wanafunzi watoke, kazi zitachukuliwa mashine zikiwaka. Iliyomo ndani ya mashine itasahihishwa.

Miza alitoka wa mwanzo, anacheka.

"Nlimaliza mapema, mwalimu," akasema. "Hata nlipoandika upya sikukosa mstari."

"Umesevu?"

"Nshahifadhi," akasema, na mkono wake ukenda kifuani, kama wanavyofanya wote. Ulipofika pale ukasita. Nikamwona anafahamu.

Fundi Petro akaugeukia mtambo wake, akaanza kuupangusa mahali palipokuwa pasafi. Wenzake wakawa wanatoka mmoja mmoja, na kila niliyemuuliza alisema alibonyeza sevu kwa kuogopa kuzimikiwa tena, wengine baada ya nusu, wengine hata robo. Miza peke yake ndiye aliyemaliza, na kwa kuwa alimaliza, alikunja mikono akaisoma programu yote moyoni kuhakikisha imo. Kwa miezi ile yote tulimaliza kila somo kwa mstari wa mwisho, "endi", tukaenda zetu nyumbani. Sevu haikutajwa hata siku moja, maana hapakuwa na mashine ya kusevia.

Nilimfuata msimamizi. Alikuwa mtu mzima, mwenye adabu, akanipa kiti. Nikamwambia mtoto huyu programu anayo, umwite sasa hivi akusomee, umpe karatasi akuandikie, akikosea nukta moja mfelishe. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Bi Rukia," akasema, "mimi siwezi kusahihisha kilichomo kifuani mwa mtoto." Alikuwa na haki, na mpaka leo hilo ndilo linalonichosha, kwamba sina wa kumkasirikia.

Matokeo yalipotoka, Miza alipungukiwa na alama zile zile za vitendo, hakufaulu. Alikuja kuniaga, akarudi Makunduchi. Mimi nilikwenda nyumbani nikalia, nasema wazi, kisha kesho yake nikaenda kazini, kwa sababu umeme ulikuwa umerudi na mijusi pia. Tangu hapo hakuna mwanafunzi aliyetoka chumbani kwangu bila ya kuulizwa kazi yake iko wapi. Nanyi waulizeni wenu. Akikuonyesha mashine, mwacheni aende. Akijigusa kifua, mrudisheni kitini.

Miaka iliyofuata sitairefusha. Disketi zikaondoka zikaja flashi, na flashi zikaja na virusi kutoka kila duka la picha mjini. Zulia lilioza, viatu vikaruhusiwa. Fundi Petro alifariki, Mungu amweke pema, na brashi yake ninayo. Siku hizi mashine zinajisevu zenyewe, na watoto wananitazama kwa huruma ninapowauliza. Wiki yangu ya mwisho kazini lilikuja gari la mkokoteni kuchukua kompyuta za zamani kwenda kuuzwa chuma chakavu. Nilikuwa nimeweka kisanduku cha disketi zenye kazi za wanafunzi wangu wa mwanzo, nikataka nimwonyeshe Maalim Nassor hayo mafanikio yake. Akahangaika siku nzima, maskini, kuniridhisha. Hakukuwa tena na mashine ya kuzisoma, na moja aliyoibahatisha kwa rafiki yake ilisema ndani hamna kitu. Chumvi ya hewa ilikuwa imeshazila. Niliumia kuliko nilivyoumia siku ya kuagwa. Miaka yote ile nimewafokea watoto wasevu, wasevu, na walichosevu chote kimekwenda.

Mwezi huu nimekwenda Makunduchi kwenye hitma ya mama yake mwalimu mwenzangu. Baada ya kula nilijiunga na wanawake waliokuwa wakiosha sahani uani. Aliyekaa karibu yangu alikuwa na vidole vilivyochanika, akanitazama kidogo, kisha akaniamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikamjibu, na ndipo nikamjua. Miaka yote hiyo nilikuwa na khofu ya kukutana naye, nikipita njia za huku natazama mbele.

Akaniuliza hali, nami nikamuuliza yake. Mama yake yu hai ila hatoki tena. Yeye ndiye anayelima mwani, na siku hizi maji ya karibu yamekuwa moto, mwani unaoza, inawabidi waende mbali zaidi. Ana watoto, mkubwa yuko kidato cha pili. Hakunilaumu kwa neno wala kwa uso, na hilo lilinizidishia uzito. Nikajikuta ninamsimulia habari za mkokoteni na za disketi, na kwamba kuna kijana ananitaka niandike mafanikio na mimi sina hata kimoja cha kumwonyesha, maana hakuna kilichosalia.

Miza akaendelea kuosha. Kisha, bila ya kuinua macho, kwa sauti ile ile ya juu ya zulia, akaanza. "Kumi, printi leo mwezi ngapi. Ishirini, inputi siku. Thelathini, ifu siku chini ya tano, zeni printi bamvua." Akaenda nayo, arubaini, hamsini, sitini, kila nukta mahali pake, maji mafu mahali pake. Wanawake wakaacha sahani zao majini. Mmoja aliuliza taratibu huu ni uradi gani, na mwenziwe akamfanyia ishara asubiri umalizike. Mimi nilikuwa nimeshika sahani na sioni vizuri.

"Tisini, endi," akasema.

Akasuuza sahani ya mwisho, akaipanga juu ya nyingine, akafuta mikono kwa kanga yake. Ndipo akanitazama.

"Halafu sevu, mwalimu."